Madirisha Yaliyohama

Ukitaka kujua dirisha la mbao la Mji Mkongwe wa Unguja limetoka wapi, usiuangalie uso wake. Fungua bawa moja, upitishe kidole kwenye mwimo wa upande wa bawaba. Mara kwa mara utakuta vishimo vilivyozibwa kwa vipande vya mti. Hapo ndipo zilipokaa bawaba za mwanzo, katika nyumba nyingine kabisa. Babu yangu alikuwa seremala wa mtaa wa Malindi, na wanagenzi wake walisomeshwa vishimo hivyo kabla ya kushikishwa msumeno. Mie nilirithi randa zake na tabia ya kuchungulia madirisha ya watu, ambayo, nakiri, si adabu sana.

Milango imeandikiwa vya kutosha. Richard Burton, aliyefika Unguja mwishoni mwa 1856, aliitazama milango na misumari yake akapima hadhi za wenye nyumba, na wageni wa leo bado wamesimama pale pale aliposimama yeye. Mlango ulikuwa jina la mtu; ukihama, mtaa mzima unajua. Dirisha lilihama juu ya mkokoteni bila ya mtu kuuliza.

Madirisha marefu ya vibao vya mshazari, yanayopitisha upepo na kuzuia macho, hayakuanza na mji. Nyumba za mawe za zamani zilipata mwanga kutoka ua wa ndani, na upande wa njiani zilikuwa na matundu machache. Biashara ya karne ya 19 ilipowaleta wafanyabiashara wengi kutoka Gujarati na Kachi, nyumba zikaanza kutazama njia: duka chini, makaazi juu, roshani mbele. Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alikuwa ameishi Bombay uhamishoni baada ya kushindwa kumpindua kaka yake Majid mwaka 1859, na alirudi na macho mengine juu ya majengo. Jumba lake la Beit al-Ajaib, la 1883, lilikuwa wazi kwa upepo wa bahari pande zote. Mbao za msaji zilishuka na majahazi ya kaskazi kutoka Bara Hindi. Mti uliovuka bahari kwa gharama ile haukutupwa kwa sababu nyumba imeanguka.

Sasa hapa ndipo penye kazi. Upana wa chumba cha Mji Mkongwe uliamriwa na boriti: mkoko haufiki mbali, kwa hiyo vyumba ni virefu na vyembamba, nyumba kwa nyumba. Dirisha halikuwa na mwamuzi kama huyo. Fundi alipima kwa shibri na dhiraa, yaani kwa kiganja na mkono wake mwenyewe. Baadaye zikaja futi na inchi, kisha mita. Nimepima madirisha ya ukuta mmoja, kazi ya fundi mmoja bila shaka, na hayakulingana. Ukiyatoa hapo kuyapeleka kwingine, tundu lolote utakalobahatika kukuta si la vipimo vyake.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 wenye nyumba wengi waliondoka, nyumba zikataifishwa, wakaingia wapangaji familia kadhaa kwa nyumba moja. Kodi haikutosha kutia chokaa. Mvua ikapita darini, ncha za boriti zikaoza ndani ya ukuta, na ukuta wa mawe na chokaa ukishalowa haukopeshi mtu. Nyumba ilipoporomoka, mawe yalibaki rundo, mbao zikatembea. Zilivuka Darajani kwenda mitaa ya Ng'ambo, kama Kikwajuni na Mwembetanga, kwenye nyumba za udongo zenye kuta fupi. Dirisha refu kama mtu mzima likawa kanzu ya kaka mkubwa kwa mdogo wake.

Kulipunguza si kukata tu. Bawa ni miimo miwili ya kusimama na mbao za kulala zilizoingizwa ndimi kwenye matundu, na ukikata mwisho wa mwimo ovyo unaufungua ulimi, bawa linalegea kabla halijafika ukutani. Kwa upungufu mdogo wa upana, unapiga randa upande wa bawaba. Kamwe si upande wa mdomo, pale bawa moja linapolilalia la pili. Ukiula mdomo ule, mvua ya masika itakukumbusha. Upungufu mkubwa unataka kulivunja bawa lote: unatoa vijiti vya mti vilivyokaza viungo, unafupisha kila kibao, unachonga ndimi upya. Urefu una afadhali. Unatoa vibao viwili vitatu, unaipandisha mbao ya chini, ndipo unapokata miimo.

Mama mmoja wa Kikwajuni aliniambia, "Fundi, vibao vyangu vyote nimevilipia, sitaki kupotezewa hata kimoja." Nikamweleza kwamba dirisha likifupishwa vibao lazima vizidi. Hakunielewa, au alinielewa vizuri sana, kwa sababu alipata mlango wa kabati la jikoni kwa vibao vilivyobaki na hakunilipa nyongeza.

Tundu la ukuta wa zamani hupimwa juu, kati na chini, kisha mshazari kwa mshazari, na unafuata kipimo kidogo kuliko vyote. Pembe za mraba hazipo, usizitafute. Kabla ya msumeno, pitisha sumaku. Misumari iliyovunjikia ndani ya msaji imeharibu meno mengi. Rangi kuukuu ikwanguliwe ikiwa imeloweshwa maji, mdomo na pua vimefungwa, maana rangi za zamani zilitiwa risasi na vumbi lake ni sumu. Na kama kazi inafanywa wakati wa jua la kiangazi, acha nafasi: mbao itakunywa unyevu wa masika na bawa litakwama kwenye fremu.

Mamlaka ya Mji Mkongwe iliundwa 1985, na mwaka 2000 UNESCO ikauandika mji katika Urithi wa Dunia. Hoteli zilikuwa zimeshaanza kuongezeka, zote zikitaka mbao zenye sura ya zamani. Njia ikageuka. Madirisha yale yale yaliyofupishwa kwenda Ng'ambo yakaanza kurudi mjini, na safari hii yakitakiwa kurefushwa. Kuongeza mbao ni kazi ya aibu zaidi kuliko kupunguza, kwa sababu kiraka huonekana. Ndiyo maana kiraka cha upana nakitia upande wa bawaba, fremu ikifiche. Tena kiwe cha mti ule ule. Nimeona msaji umeungwa na msonobari, baada ya muda msonobari umeliwa na mchwa, msaji umebaki ukining'inia na bawaba hewani.

Wapo wanaosema dirisha lililokatwa limeharibiwa historia yake. Mie sioni hivyo. Bawa lenye vishimo vya bawaba tatu vilivyozibwa lina habari nyingi kuliko lile lililokaa pake tangu siku ya kwanza. Kinachoniudhi ni madirisha ya alumini yanayoingia nyuma, upande usioonekana njiani, huku ya mbao yakienda kuwashia tanuri la mkate. Kubadili dirisha mjini kunataka kibali, na hilo ni sawa. Lakini ningeulizwa mie, kila anayeomba angeandika pia dirisha la zamani linakwenda kwa nani, mtaa gani, na kwa vipimo vipi, ili fundi wa huko ajue kinachomjia.