Joho la Kukodi

Joho likitoka stoo huwa na mikunjo ya mwaka mzima. Mhitimu hulipokea dirishani, likiwa kwenye mfuko, baada ya kuonyesha stakabadhi ya malipo na kuweka sahihi daftarini, kisha hukimbia nalo kutafuta pasi. Hapo ndipo wengi hugundua kwamba kitambaa ni poliesta: moto ukizidi kinang'aa, ukizidi tena kinanata kwenye pasi. Wajuzi hutandika kanga juu yake na kupitisha pasi polepole. Kofia ya pembe nne nayo ina vituko vyake. Juu ya rasta zilizosukwa jana haikai bila vibanio vinne au vitano.

Na hapo ni mwisho wa mlolongo, si mwanzo. Kabla ya joho kuna fomu inayozungushwa maktaba, bwenini na ofisi ya fedha, ikitafuta mihuri ya kuthibitisha kwamba mwenyewe hadaiwi. Kuna kuhakiki jina kwenye orodha, maana herufi moja ikikosewa matata yake huonekana kwenye cheti. Kuna siku ya mazoezi, ambapo watu wazima hufundishwa kuinuka na kuketi kwa pamoja. Nyumbani nako ndugu wanachangishana: keki, mpiga picha, sare za mashangazi na mama wadogo. Mitaani husemwa kwamba fulani kala nondo, yaani kapata shahada, na nondo hailiwi kimyakimya.

Neno joho lenyewe ni la zamani pwani kuliko chuo kikuu chochote cha Afrika Mashariki. Limetokana na neno la Kiarabu la kitambaa kizito cha sufu, na Waswahili walilitumia kwa vazi refu, wazi mbele, lenye tarizi ukosini, lililovaliwa juu ya kanzu na wenye cheo na mali. Picha za Sultan Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, zinamwonyesha katika vazi hilo, kilemba kichwani na jambia kiunoni. Mpaka leo wapo mabwana harusi wa pwani wanaolivaa siku yao. Na Desemba 18, 2022, Amir wa Qatar alipomvisha Lionel Messi vazi jeusi la fahari kabla hajainua Kombe la Dunia, mtazamaji wa Lamu au Unguja hakuhitaji mfasiri.

Vazi la vyuo lina ukoo mwingine. Lilitokea Ulaya ya karne ya 12 na ya 13, Bologna, Paris na Oxford, ambako wasomi wengi walihesabiwa kuwa watu wa Kanisa na majengo ya mawe yalikuwa ya baridi. Kile kitambaa cha rangi kinachoning'inia mgongoni kilikuwa kofia halisi ya kujifunika kichwa. Ndiyo kusema vazi lililoshonwa kwa ajili ya baridi sasa huvaliwa Dar es Salaam mwezi wa Novemba, na shati la ndani hulipia gharama hiyo.

Lilipofika huku, lilipewa jina lile lile la vazi la masultani. Hakuna kamati ya istilahi ambayo ingefanya vizuri zaidi: mavazi yote mawili yalikuwa ya kumtangaza mkubwa kabla hajafungua mdomo.

Makerere, Uganda, ilianza 1922 ikiwa shule ya ufundi. Julius Nyerere alisoma pale kuanzia 1943 hadi 1945 na kutoka na stashahada ya ualimu, kwa sababu chuo kilikuwa bado hakitoi shahada. Mlango huo ulifunguka baada ya Makerere kuunganishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949. Shahada yake Nyerere aliipata Edinburgh, 1952. Makerere ya enzi hizo haikungoja mahafali. Wanafunzi walivaa majoho mekundu hata kwenye chakula rasmi cha jioni.

Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 25, 1961, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria. Mlimani kilihamia 1964. Kufikia wakati huo Nyerere alikuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichozinduliwa Juni 1963 kikijumuisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam.

Kisha ikaja Oktoba 22, 1966. Wanafunzi walikwenda Ikulu kupinga sheria ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo ingewafanya wahitimu watumikie miaka miwili, miezi 18 kati ya hiyo kwa asilimia 40 ya mshahara. Walikwenda wamevaa majoho. Kama kulikuwa na vazi baya zaidi la kumwendea Rais, Mwalimu Nyerere, siku hiyo, ni vigumu kulifikiria. Yeye aliona tabaka linalodai malipo yake. Wanafunzi 334 wa chuo kikuu walifukuzwa na kurudishwa makwao, na Rais akakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wa wanafunzi hao walirudishwa masomoni mwaka uliofuata.

Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, Elimu ya Kujitegemea ikafuata Machi. Joho halikuguswa. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipogawanyika 1970, Nyerere aliendelea kuwa Mkuu wa Chuo cha Dar es Salaam, na kila mwaka kwenye mahafali vazi likawa lile lile. Kiti hicho leo ni cha Jakaya Kikwete, aliyehitimu uchumi hapo hapo Mlimani mwaka 1975.

Kilichobadilika ni umri wa wavaaji. Siku hizi mahafali ni ya kidato cha nne, ya darasa la saba, hata ya chekechea, na mafundi cherehani hushona majoho ya mtoto wa miaka sita kwa oda za shule. Mengine ni ya kuazimana. Mtoto hupanda jukwaani pindo la joho likiwa limekunjwa na kushikiliwa kwa pini, kofia imemshukia machoni, na mama yake anamwita kutoka viti vya nyuma aiinue kidogo, simu haioni uso.