Zebaki: Madhara Yake kwa Neva na Misuli

Zebaki (alama ya kikemia Hg) ndiyo metali pekee iliyo kimiminika katika joto la kawaida. Katika Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, inafahamika zaidi kwenye mialo ya kuchenjulia dhahabu, kuanzia Misungwi hadi Rwamagasa na Nyarugusu wilayani Geita, wilaya iliyokuwa ndani ya Mkoa wa Mwanza hadi mwaka 2012.

Mawe yakishasagwa kwenye karasha na mchanga kuoshwa, mchenjuaji huumwagia zebaki ndani ya beseni na kuufikicha, mara nyingi kwa mikono mitupu, mpaka chembe za dhahabu zishikamane nayo. Donge linalopatikana hukamuliwa kwa kitambaa, kisha huchomwa juu ya mkaa. Hatari kubwa iko hapo kwenye mkaa. Zebaki ya kimiminika ikimezwa hupita tumboni karibu yote bila kufyonzwa, lakini mvuke wake ukivutwa, takriban asilimia 80 hubaki mwilini. Mvuke huo hauonekani wala haunuki, na wapo wanaochomea nyumbani, watoto wakiwa jirani.

Kwa kuwa hauna chaji, mvuke hupenya utando wa seli na kuingia kwenye ubongo bila kizuizi. Ndani ya seli kimeng'enya kiitwacho katalasi huugeuza kuwa ioni yenye chaji mbili, ambayo haitoki tena kirahisi. Ioni hii hujifunga kwenye salfa iliyomo ndani ya protini, na tubulini ni mojawapo ya protini zenye salfa nyingi. Tubulini ndiyo inayojipanga kuwa mirija midogo inayoushikilia mkia mrefu wa seli ya neva, kama fito zinavyoshikilia ukuta wa udongo; mirija hiyo hiyo ndiyo njia ya kupitishia mahitaji ya seli hadi nchani. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, waliziwekea zebaki kidogo neva za konokono wa majini, Lymnaea stagnalis. Ncha zilizokuwa zikikua zilinywea, mirija ikasambaratika, zikabaki nyuzi tupu. Risasi, kadimi, manganizi na alumini hazikuleta matokeo hayo.

Kwenye misuli, zebaki huzuia pampu inayorudisha kalsiamu ghalani mwake baada ya msuli kukaza, hivyo msuli haulegei inavyopasa. Hata hivyo, vidole vinavyotetemeka, mwandiko unaopinda, usingizi wa mang'amung'amu na hasira za ghafla hutokana zaidi na neva kuliko misuli yenyewe.

Wengi huuliza, kwa hofu, kama sangara, samaki wa Ziwa Victoria, wana zebaki. Hofu hiyo ina asili yake Minamata, Japani, ambako mwaka 1956 uligunduliwa ugonjwa wa walaji wa samaki wenye methilizebaki, iliyotokana na maji machafu ya kiwanda. Sangara wa Ziwa Victoria waliopimwa kwa kawaida wamekuwa chini ya miligramu 0.5 kwa kilo. Masazumi Harada, daktari aliyewatibu wagonjwa wa Minamata, alipima na wenzake nywele za wachimbaji, wavuvi na wakazi wa Mwanza, wakachapisha matokeo mwaka 1999. Baadhi ya waliokuwa na viwango vikubwa kabisa walishukiwa kuvipata kwenye sabuni za kung'arisha ngozi. Zebaki huzuia kimeng'enya kinachotengeneza rangi ya ngozi, na kwa sababu hiyo hutiwa kwenye vipodozi hivyo. Basi mtu anaweza kumwogopa samaki huku sumu akijipaka bafuni.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Kwenye mialo, kifaa kiitwacho retoti, chungu cha chuma kilichofungwa chenye bomba la kupozea, hunasa mvuke na kuirudisha zebaki kwa matumizi mengine. Aliyevuta mvuke hupimwa mkojo. Nywele hufaa zaidi kwa methilizebaki. Tiba huanza kwa kumwondoa mgonjwa kwenye chanzo. Dawa ya DMSA hushika ioni za zebaki na kuzitoa kwa mkojo, lakini iliyokwisha kuingia kwenye ubongo haiifikii vizuri.