Kupunguza maziwa kwa upasuaji: machungu yalitangulia urembo

Msichana wa Alunguli mwenye maziwa makubwa kupita kiasi, anapopanda kutoka kivuko cha Lualaba na beseni kichwani, amebeba mzigo wa pili kifuani. Shingo inauma, mikanda ya sutie inachimba mabega, chini ya maziwa ngozi inatoka vidonda kwa joto. Siku anaposema nyumbani kwamba anafikiri kupasuliwa ili yapunguzwe, jibu la haraka huwa: hayo ni mambo ya urembo, mambo ya kizungu. Historia inasema vingine.

Mwaka 1669, huko Plymouth, Uingereza, daktari William Durston aliandika habari ya mwanamke kijana ambaye maziwa yake yalivimba ghafla. Alikufa mwaka uleule. Ziwa moja lilipopimwa lilikuwa na ratili 64, karibu kilo 29: ni bidoni ya lita 20 iliyojaa maji, na karibu nusu nyingine juu yake. Huyo hakuwa akitafuta urembo.

Njia ya kusaidia ilikawia. Mwaka 1897 Mfaransa Alfred Pousson alieleza namna ya kuondoa ngozi na mafuta, kisha kuliinua ziwa linalobaki. Mwaka 1956, Marekani, Robert Wise akatoa kielelezo cha kupima na kukata ngozi, alichokiiga kwa washonaji wa sutie. Fundi cherehani yeyote wa Kindu angekielewa upesi. Kingali kinatumika.

Mwaka 1957 wapasuaji watatu wa kurekebisha mwili, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari wa ndege Afrika Mashariki. McIndoe alikuwa amejulikana kwa kutengeneza nyuso za marubani walioungua katika vita ya pili ya dunia. Wenye kazi hiyo waliifanya kwa ajili ya watu walioumia.

Kwa Katiba ya Kongo ya 2006, mtoto ni yule asiyefikisha miaka 18. Binti wa miaka 20 anaamua mwenyewe. Mama na baba wanabaki na kazi ya kusikiliza bila kucheka, na ya kwenda naye kwa daktari kuuliza. Je, maziwa yameacha kukua? Makovu yatabaki, kunyonyesha kunaweza kuwa kugumu baadaye, na mimba inaweza kuyakuza tena. Nani atapasua, na wapi? Wapasuaji wa namna hiyo ni wachache, na tangu vita ilipoingia Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, kwenda mashariki kutafuta matibabu kumekuwa kugumu. Familia zilizokimbia zinajua hilo kuliko yeyote.

Tena kuna jambo linalosahaulika. Baada ya upasuaji, kwa wiki kadhaa, binti hatabeba bidoni wala kutwanga sombe. Nani atachota maji? Hilo lipangwe nyumbani kabla ya tiketi kukatwa.