Akiba Tangulizi, si Akiba Fiche

Mwongozo mmoja uliosambazwa kwa wajitoleaji wa maafa katika mitaa ya Nakuru unawaagiza watunze "akiba fiche". Turubai, blanketi, machela, kamba, tochi, sepeto na dawa za kusafishia maji zimetiwa zote chini ya jina hilo. Nalipinga waziwazi, kwa kuwa linamfunza mjitoleaji kinyume cha kazi yake.

Chanzo cha kosa kinaonekana. Wanakamati walioutunga mwongozo walikuta neno cache, ambalo Waingereza walilitwaa kwa Wafaransa, na kitenzi chake cha asili, cacher, maana yake ni kuficha. Wawindaji wa ngozi wa Amerika ya Kaskazini walifukia chakula na mizigo yao ardhini ili waikute warudipo. Walikuwa na sababu ya kuficha, maana waliogopa wezi na wanyama. Kamati yetu ikashika asili ya neno, ikaiacha kazi yake ya leo. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la Patel lilipopasuka huko Solai na kuua watu zaidi ya 40, blanketi zilizofichwa zingemfaa nani?

Wapo na wengine, nao wanajijua, wanaoshikilia "hazina ya maafa". Hazina ni khazina ya Kiarabu, na hapa Kenya imekwisha kugandana na fedha za Serikali. Isitoshe, msomaji atadhani kilichowekwa ni maafa yenyewe. Niliwapelekea pendekezo langu kwa maandishi, nikajibiwa kwa sentensi moja: neno langu "halijazoeleka". Lao limezoeleka wapi? Wakazi wa Kaptembwa, Rhonda na Free Area husema stoo, wala sina ugomvi nao, ila stoo ni chumba. Ghala nalo ni chumba, tena asili yake ni ghalla, yaani mazao ya shamba. Sisi twatafuta jina la kilichomo ndani, pamoja na sababu ya kukiweka hapo mapema.

Neno ninalolitetea ni akiba tangulizi. Akiba imetokana na aqiba ya Kiarabu, kinachofuata nyuma, hatima ya jambo, na shina hilohilo ndilo lililozaa aqib, kisigino. Akiba basi hufuata matumizi kama kisigino kifuatavyo vidole. Tangulizi ni mali yetu ya Kibantu, ndugu wa mtangulizi na utangulizi. Yakikutana maneno haya mawili, lililo nyuma hupelekwa mbele: vifaa vya baadaye vimeshatumwa, vinaingojea ajali palepale inapohofiwa. Hakuna neno jingine, miongoni mwa yote niliyosikia yakipendekezwa, linalobeba pande hizo mbili kwa pamoja.

Na upande wa pili, ule wa kutangulia, ndio wenye uzito. Alfajiri ya 29 Aprili 2024, maji yaliyojikusanya nyuma ya tuta la reli huko Old Kijabe yalilibomoa, yakateremka Mai Mahiu, yakasomba nyumba za Kamuchiri na kukata barabara. Msaada wa kutoka Nairobi hauna budi kuteremka ukingo wa Bonde la Ufa. Machela iliyokwisha kuwa bondeni haina haja ya kuisubiri barabara hiyo.

Fiche, kwa upande wake, imeshazaa matunda yake. Katika mtaa mmoja niliuliza vifaa viko wapi, mwenye ufunguo, naye ni mmoja tu, akanijibu kwamba ni siri ya kikundi. Sikumlaumu. Alikuwa ametii mwongozo neno kwa neno.

Kuna aliyenikumbusha kwamba akiba haiozi, hali dawa huisha muda. Methali hiyo ni ya nafaka na fedha. Kinachotangulia huondoka na kingine kikashika nafasi yake. Kwa matumizi: akiba tangulizi ya mtaa, akiba tangulizi za kaunti, orodha ibandikwe mlangoni, funguo zikae na watu wawili wa nyumba mbalimbali, chumba kiwe mahali palipoinuka, na dawa zinazokaribia kuisha muda zipelekwe zahanati zitumike na kubadilishwa.

Mwongozo huo ukichapishwa upya, naitaka kamati ilifute neno fiche katika kila ukurasa, na ifanye hivyo kabla ya mvua za masika.