Wapiganaji wanaporudi kijijini: miaka 20 ya ahadi katika Kivu na Ituri

Tangu mwaka 2004, wakaaji wa Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Ituri wamesikia kwenye redio majina mengi: CONADER, Amani, STAREC, DDR ya tatu, na sasa P-DDRCS. Kila jina lilikuja na ahadi ile ile: kijana aliyeko msituni ataweka silaha chini na kurudi kwao, na familia zilizokimbia zitarudi shambani. Kila mara walikuwepo walioweka silaha chini kweli, na kila mara wengine wengi walirudi msituni. Familia zilizokimbia zina haki ya kuuliza sababu, kwa kuwa kijana huyo akirudi msituni, wao ndio wanaofunga mizigo tena. Tufuate historia hii hatua kwa hatua.

Dola 110 na safari ya kurudi

Baada ya mapatano ya Sun City mwaka 2003, serikali ya mpito iliunda tume iliyoitwa CONADER. Mpiganaji aliingia katika kituo, akakabidhi silaha, kisha akachagua moja kati ya mambo mawili. La kwanza lilikuwa kuingia jeshi jipya la taifa kwa njia ya brasaji, yaani kuchanganywa na wapiganaji wa makundi mengine na kupelekwa mbali na eneo lake. La pili lilikuwa kurudi kwenye maisha ya kiraia. Aliyechagua uraia alipewa dola 110 siku ya kutoka, na baadaye dola 25 kila mwezi kwa muda wa mwaka mmoja.

Zaidi ya watu 100,000 walipitia njia hiyo katika nchi nzima. Huko Ituri, mpango wa pekee wa mwaka 2004 na 2005 ulipokea zaidi ya wapiganaji 15,000. Tusidharau kazi hiyo. Wengi wao hawakushika tena bunduki. Leo ni wamotari, wakulima, maseremala na wachuuzi, na majirani wengine hawajui hata kwamba waliwahi kuwa msituni.

Hata hivyo, kasoro mbili zilionekana mapema. Malipo na mafunzo ya kazi yalichelewa, na kijana aliyengoja miezi mingi bila kitu alianza kuwasikiliza tena wakubwa wake wa zamani. Kasoro ya pili ilikuwa nzito zaidi: msaada ulimfuata mtu aliyekuwa na silaha. Mama aliyechomewa nyumba alibaki chini ya bashi, huku jirani yake aliyetoka katika kundi akipokea dola kila mwezi. Vijana wengi walielewa kwamba bunduki ndiyo inayofungua mlango wa ofisi. Wasichana nao waliokuwa wamechukuliwa kwa nguvu ili wapike, wabebe mizigo na kufanywa wake wa wapiganaji, mara nyingi hawakuwa na bunduki ya kuonyesha. Wengi walirudi kimya kimya, wakiwa na watoto mgongoni, bila kuandikwa popote.

Goma 2008: meza kubwa, muda mfupi

Kuanzia tarehe 6 hadi 23 mwezi wa kwanza mwaka 2008, zaidi ya wajumbe 1,000 walikutana mjini Goma kwa mkutano wa amani ya Kivu mbili. Wazee wa makabila, wanawake, makanisa, wajumbe wa serikali na makundi yenye silaha walikaa pamoja. Makundi 22 yalitia sahihi hati ya kusimamisha vita. Kutokana na mkutano huo ulizaliwa mpango wa Amani, uliosimamiwa na Padri Apollinaire Malu Malu, yule aliyeongoza tume ya uchaguzi mwaka 2006.

Mpango huo uliweka maridhiano ya jamii karibu na swala la silaha. Lakini kundi la Wanyarwanda la FDLR, ambalo makundi mengine yalilitaja kama sababu ya kubaki na bunduki, halikuwa mezani. Pia, kila kundi lililokuwa na silaha lilipata kiti na sauti, hata lililokuwa dogo sana. Kijiji kisichokuwa na kundi hakikuwa na uzito huo. Mwisho wa mwezi wa kumi mwaka huo huo, wapiganaji wa CNDP walifika karibu na mji wa Goma, na maelfu ya watu waliokuwa kambini Kibati walikimbia tena.

Vyeo vya mwaka 2009

Tarehe 23 mwezi wa tatu 2009, serikali ilitia sahihi mapatano mapya na CNDP, na makundi mengine nayo yakatia sahihi. Safari hii hapakuwa na kungoja katika vituo. Wapiganaji waliingizwa jeshini haraka, wakapewa sare na vyeo. Shida ni kwamba wengi wa CNDP walibaki Kivu, chini ya wakubwa wale wale, na amri ziliendelea kupitia njia ya zamani. Makundi mengine yaliona kwamba wenzao wamepewa vyeo vikubwa kuliko wao, na baadhi yao wakatoka jeshini wakarudi milimani.

Mwaka 2012 sehemu ya askari hao iliasi. Wakajiita M23, kwa kukumbuka tarehe ya mapatano ambayo walisema hayakutimizwa. Tarehe 20 mwezi wa kumi na moja waliingia Goma. Hapo ndipo ilipoonekana bei ya kuingiza kundi zima jeshini bila kuvunja uongozi wake: kundi lilikuwa limebadilisha sare tu.

Bweremana na Kotakoli

M23 iliposhindwa mwishoni mwa mwaka 2013, hali ilionekana nzuri. Wapiganaji wa makundi mengi walishuka wenyewe kutoka milimani na kukusanyika Bweremana, kando ya ziwa Kivu. Walikuta chakula kidogo na ahadi zisizo na tarehe. Wengi waliondoka.

Wengine walipelekwa mbali, kwenye kambi za jeshi za Kitona, Kamina na Kotakoli. Mwaka 2014 shirika la Human Rights Watch lilitangaza kwamba zaidi ya watu 100 walikuwa wamekufa Kotakoli kwa njaa na magonjwa. Walikuwa wapiganaji waliojisalimisha, wake zao, na watoto wengi. Habari hiyo ilifika hadi milimani. Tangu siku hiyo, kila afisa anayemwita kijana ashuke anaulizwa kuhusu Kotakoli.

Miaka michache baadaye mambo yalifanana. Baada ya mabadiliko ya uongozi mwaka 2019, mamia ya vijana walijitokeza na kupelekwa Mubambiro, karibu na Sake. Njaa ikawarudisha wengi walikotoka.

Kijiji ndicho kilichosahauliwa

Mpango wa sasa, P-DDRCS, uliundwa mwezi wa saba mwaka 2021. Ndani ya jina lake kuna maneno ya kuinua jamii na kuleta utulivu. Kwa mara hii, kwenye karatasi, msaada unapaswa kwenda kwa kijiji kizima: njia, soko, shule, kazi za mikono, ili mpiganaji wa zamani na jirani yake aliyekimbia wafaidike pamoja. Pia mpango ulikataa kuwaingiza wapiganaji jeshini kwa kundi zima. Masomo hayo mawili yalilipiwa kwa damu.

Lakini vita vilivyoanza tena mwishoni mwa mwaka 2021 viligeuza mambo. Vijana wale wale walioombwa kuweka silaha chini waliitwa Wazalendo, wakaombwa wapigane. Mwaka 2025 Goma ilianguka, kambi za pembeni ya mji zikavunjwa, na familia nyingi zikarudi vijijini bila kujua nani yuko huko. Kisha mazungumzo ya Washington na Doha yakarudisha mezani swala la kupokonya silaha. Kwa hiyo swali la zamani linarudi: nani atampokea mpiganaji, na kwa masharti gani?

Historia inaonyesha kwamba serikali inaweza kutoa msamaha wa kuasi, kama ilivyofanya kwa sheria za mwaka 2009 na 2014. Sheria hizo hazikufuta mauaji ya kimbari, makosa ya kivita wala makosa dhidi ya ubinadamu. Wala sheria haiwezi kusamehe kwa niaba ya mjane. Haiwezi pia kuamua, kwa kutia sahihi tu Kinshasa, ni nani mwenye shamba lililolimwa na watu wengine kwa miaka kumi. Mambo hayo yanamalizwa karibu na nyumbani, mbele ya wazee, mwami, wanawake na mahakama. Miaka ya 1990 ikimalizika, Goma ilikuwa na Barza la wazee wa makabila lililozuia ugomvi mwingi wa namna hiyo, hadi siasa ilipoligawanya.

Mpiganaji anayerudi naye ana hofu yake. Kundi alilolikimbia linaweza kumtafuta. Kabila jirani linaweza kumlipiza kisasi. Kama hana shamba wala kazi, hawezi kuoa kwa heshima wala kulisha watoto. Kumfukuza ni kumrudishia bunduki mkononi. Kumpokea bila kuuliza chochote ni kumwambia aliyetendewa mabaya kwamba maumivu yake si kitu.

Kwa hiyo, siku wajumbe wa mpango wowote watakapofika katika kijiji chenu au mahali mlipokimbilia, ulizeni kabla ya kupiga makofi. Nani ataandikwa, na je, wasichana wamo? Watakula nini wakingoja, na watangoja kwa miezi mingapi? Kijiji kitapata nini, na familia iliyokimbia itapata nini? Mashamba yataamuliwa na nani? Aliyebaka au kuua atapelekwa wapi? Anayekuja na majibu ya maswali hayo ana mpango. Asiyekuwa nayo amekuja kuhesabu bunduki, na tangu mwaka 2004 bunduki zimehesabiwa mara nyingi katika Kivu.