Kitunguu Kilichofukuzisha Watoto Darasani

Katika milima ya Appalachia, mashariki mwa Marekani, wazee husimulia jinsi wanafunzi walivyorudishwa nyumbani kila baridi ilipoisha, kwa kosa la kunuka kitunguu. Kitunguu chenyewe kwa kawaida hakilimwi. Ni rampu (Allium tricoccum), jamaa ya kitunguu saumu iotayo yenyewe msituni, na aliyeila mbichi hunuka hata kesho yake.

Wacherokee, wenyeji wa asili wa huko, waliila na kuitumia kama dawa ya mafua kabla Wazungu hawajafika. Walowezi wakajifunza kwao, na haishangazi: baada ya miezi ya nyama ya chumvi na maharage makavu, jani bichi la kwanza lenye vitamini C lilikuwa kinga ya kweli dhidi ya kiseyeye. Wao walisema linasafisha damu.

Siri ya harufu ilifumbuliwa polepole, tena kupitia kitunguu saumu. Mwaka 1844 mkemia Theodor Wertheim alikipitishia mvuke akapata mafuta makali yenye salfa. Miaka 100 baadaye, Chester Cavallito na John Bailey wa New York wakatenga alisini, kemikali ya harufu hiyo, na kuonyesha kwamba inaua bakteria. Kisha Arthur Stoll na Ewald Seebeck, huko Basel, wakagundua jambo ambalo mimi naliona tamu kuliko yote: kitunguu kizima hakina alisini. Kina kemikali nyingine, aliini, iliyotenganishwa na kimeng'enya chake. Kisu kikipita, viwili hivyo hukutana na alisini huzaliwa papo hapo. Rampu nayo hufanya vivyo hivyo. Moto huua kimeng'enya hicho, kwa hiyo anayeitumbukiza nzima kwenye mafuta ya moto hupata utamu zaidi ya dawa.

Dawa yenyewe tusiivishe kilemba cha ukoka. Utafiti wa mwaka 2000 ulioonyesha rampu zilizokuzwa kwa seleniamu nyingi zikipunguza uvimbe wa saratani ulihusu panya, si watu.

Sifa zimeiponza. Rampu huchukua miaka 5 hadi 7 kukomaa, na wachimbaji hawasubiri. Quebec, nchini Kanada, ilipiga marufuku biashara yake mwaka 1995, ikamwachia kila mtu vitunguu 50 vya kula nyumbani. Hifadhi ya Great Smoky Mountains, huko Appalachia, ikazuia uchumaji mwaka 2002. Katazo hilo liliwakumba hata Wacherokee, ambao desturi yao ni kukata juu na kuacha mizizi ardhini ichipue tena.