Geuza Koti

Msomaji mwenzangu, sijui kama umewahi kuushuka ule mteremko wa kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu kwa baiskeli, mwezi wa Julai, asubuhi na mapema. Mimi niliushuka. Nilikuwa nimevaa fulana ya pamba, na juu yake koti la nailoni, lile la mvua lisilopitisha hata tone, nikajiona nimejipanga. Kumbe nilikuwa nimejifungia ndani ya mfuko wa plastiki! Kule kupanda kutoka Kikuyu kulinitoa jasho jingi, na jasho lenyewe likakosa pa kutokea. Fulana ikalowa chapachapa kana kwamba imetolewa kwenye karai. Kufika juu nikafungua zipu nipate hewa kidogo, kisha nikaanza kuteremka.

Dakika tano hazikuisha. Meno yakawa yanagongana, macho yanatiririka machozi, na vidole, hivyo ndivyo vilivyonitisha, havikuwa vyangu tena. Nilitaka kufinya breki, mkono ukakataa. Mbele yangu kulikuwa na lori la mchanga. Sitaki kutia chumvi: nilijitupa kwenye majani kando ya barabara, nikapoteza ngozi ya goti na kioo cha saa, roho ikabaki.

Mjomba wangu aliposikia alicheka hadi akashika mbavu. Yeye amebeba maziwa na kabeji kwa Black Mamba huko Limuru tangu miaka ya 1970, na baridi ile anaijua kama jirani.

"Koti ulilivaa vipi, kijana?"

"Kama kila mtu, mjomba."

"Basi ndiyo maana. Geuza koti."

Umewaona, si ndiyo? Watu wa bodaboda wanaovaa koti nyuma mbele, mgongo wa koti ukiwa kifuani na zipu ikiwa nyuma, wazi au nusu wazi. Mimi mtoto wa mjini nilikuwa nikiwacheka. Nilidhani ni ushamba, au ni haraka ya asubuhi. Lakini hebu fikiria. Upepo wa mwendesha baiskeli unatoka mbele. Kifua ndicho kinachoupokea, na zipu ndiyo mlango wake mbovu. Ukigeuza koti, mbele panakuwa kitambaa kitupu kisicho na mwanya, na nyuma panakuwa wazi ili joto na jasho vitoke. Kazi hiyo ilikuwa ikifanywa na watu wasio na habari ya duka lolote la michezo. Bodaboda wenyewe walianza kama watu wa baiskeli kwenye mpaka wa Kenya na Uganda katika miaka ya 1960, wakivusha abiria na mizigo, na jina lao likatokana na mpaka huo huo.

Niliporudi pale nilipoangukia, safari hii kwa matatu, nilishuka nikaingia katika lile kanisa dogo lililoko chini ya mteremko. Lilijengwa mwaka 1942 na mateka wa vita wa Kiitaliano waliokuwa wakiijenga barabara. Nikakaa pale nikiwaza: watu hawa walitoka nchi inayoiabudu baiskeli, nchi yenye milima mirefu kuliko huu wetu. Je, wao huko kwao walifanyaje na upepo? Swali hilo ndilo lililonipeleka maktaba.

Jibu, nililikuta, ni gazeti. Sisemi gazeti la kusoma. Sisemi hivyo kwa mzaha pia, maana mbio kubwa zenyewe zilizaliwa na magazeti. Tour de France ilianzishwa mwaka 1903 na gazeti la L'Auto, na Giro d'Italia mwaka 1909 na La Gazzetta dello Sport, yote mawili yakitafuta wasomaji. Jezi ya njano ya mshindi, iliyoanza 1919, ni rangi ya karatasi ya L'Auto. Ile ya waridi ya Italia, 1931, ni rangi ya karatasi ya La Gazzetta. Basi mwendesha baiskeli alipofika kileleni, jezi yake ya sufu imelowa jasho, mtazamaji mmoja alimpa gazeti, naye akalisokomeza kifuani chini ya jezi kabla ya kuteremka. Karatasi huzuia upepo, hunyonya unyevu kidogo, na ukifika bondeni unaitupa. Mwandishi mwenzangu, kama unalia kwamba maandishi yako hayamfai mtu, kumbuka kuna wahariri ambao kazi yao iliokoa vifua vya watu kwa namna hiyo.

Lakini kuna siku gazeti halitoshi. Tarehe 5 Juni 1988 Giro ilipita katika mlima wa Gavia, mita 2,621, na theluji ikawaangukia. Mholanzi Johan van der Velde ndiye aliyefika kileleni wa kwanza, akiwa na jezi ya mikono mifupi. Kupanda hakukumshinda, kwa sababu anayepanda ni jiko linalowaka. Kuteremka ndiko kulikomshinda. Jiko lilizimika, upepo ukazidi, naye akalazimika kusimama na kutafuta mahali pa kujikinga. Alimaliza siku hiyo akiwa nyuma kwa zaidi ya dakika 40. Andy Hampsten, Mmarekani, alijivika kofia na koti kabla ya mteremko, akakubali kupoteza muda ili kuvaa. Siku hiyo alikuwa wa pili nyuma ya Erik Breukink, lakini alitwaa jezi ya waridi, na siku chache baadaye akawa Mmarekani wa kwanza kushinda Giro.

Niliposoma habari za Van der Velde niliangalia vidole vyangu. Yeye theluji, mimi umande wa Limuru, lakini hesabu ni moja. Mwili hupasha joto hewa nyembamba iliyougusa, na upepo huipokonya. Katika nyuzi 10 za Selsiasi, ukienda kilomita 30 kwa saa, ngozi iliyo wazi huhisi kama ni nyuzi 7 hivi. Ongeza fulana iliyolowa, maana maji hubeba joto kuliko hewa mara nyingi sana, ndipo utajua kwa nini koti langu la nailoni lilikuwa adui. Lilizuia upepo, sawa. Lakini liliniandalia maji ya kuniganda nayo.

Tatizo hilo la mlango unaofungia upepo nje bila kufungia jasho ndani lilipata jibu moja mwaka 1969, huko Marekani. Robert Gore alikuwa akipasha moto vijiti vya plastiki ile inayopakwa kwenye vikaango visivyoshika chakula, kisha anavivuta polepole. Vilikatika tu. Siku moja akachoka, akakivuta kimoja kwa nguvu, kwa hasira. Kikarefuka bila kukatika! Ndani yake mlikuwa na vitundu vidogo mno, tone la maji haliwezi kupenya ila mvuke wa jasho unapenya. Hiyo ndiyo Gore-Tex. Sio vizibao vyote vya baiskeli vina utando kama huo. Vingi ni nailoni au poliesta nyembamba iliyofumwa kwa kubana, na mgongoni wameweka wavu.

Wavu mgongoni. Mbele pamezibwa. Unaona sasa? Mabwana wa viwanda wamegeuza koti.

Nilikwenda Gikomba kutafuta changu. Muuzaji alinishika mkono, "Kuja, brathe, hii ni ya wazungu," akinipa kizibao kizuri cha rangi ya chungwa. Nikaweka kitambaa cha mbele mdomoni nikapuliza. Pumzi ikapita yote, kama kwenye chujio. Nikakirudisha. Cha pili kilikataa pumzi mbele na nyuma pia, nikakumbuka lori la mchanga. Cha tatu kilikuwa cheusi, kimechakaa kwenye kola. Mbele pumzi iligonga ikarudi, nyuma niliona vidole vyangu kupitia wavu. Nikakivaa, nikainama kana kwamba nimeshika usukani: mgongo ulifika chini ya kiuno, kifua hakikufura kama tanga. Kikubwa hupigwa na upepo kikakurudisha nyuma. Zipu ilishuka mpaka chini, na kikikunjwa kilijaa ngumi moja. Tulipatana shilingi mia tatu.

Nilikinunua, lakini nilimpelekea mjomba kwanza, kwa heshima, akijaribu kabla yangu. Kesho yake alfajiri alienda nacho hadi sokoni na kurudi. Nilimkuta akikunja uso, anakohoa kwa maonyesho, na zipu ikiwa mgongoni kwake.

"Kijana," akasema, "hiki chako kinavuja."

"Mjomba, hiki hakigeuzwi!"

Akanitazama kwa muda, kama anayepima akili zangu.